Mwanakhamis: mtoto wa Alhamisi au Bibi Khamis?

Ukiuliza Unguja au Pemba maana ya jina Mwanakhamis, utajibiwa bila ya mtu kusita. Wengi watasema ni mtoto wa kike aliyezaliwa siku ya Alhamisi. Wengine watasema ni binti wa mtu anayeitwa Khamis. Vijana wa mjini, khasa wale waliozoea majina mapya ya Kiarabu, watakwambia ni jina la shamba, la mabibi, halina maana ya kutafutwa.

Jibu la kwanza lina ukweli ndani yake, ila ni nusu ya ukweli. La pili haliwezi kusimama, na la tatu linaniuma. Wapo wasichana wanaojitambulisha kwa jina jengine wakifika chuo, wakaliacha Mwanakhamis kwenye cheti cha kuzaliwa tu, kwa kudhani limebeba utoto na ushamba. Lau wangejua lilibeba nini hapo mwanzo, nadhani wangelitaja kwa sauti.

Jina hili lina vipande viwili, na kila kimoja kina mkorogo wake. Nianze na kile chepesi.

Khamis ni neno la Kiarabu na limefungamana na tano. Waarabu huhesabu siku za wiki kuanzia ile tunayoiita sisi Jumapili: al-ahad ni ya mwanzo, al-ithnayn ya pili, na kuendelea mpaka al-khamis, ya tano. Waswahili tumeanza kuhesabu kwengine. Kwetu wiki inafungwa na Ijumaa, basi siku inayoifuata ni Jumamosi, ya kwanza, kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Tulipofika hapo tukaiacha hesabu yetu na kuchukua majina ya Kiarabu kwa siku mbili zilizobaki, Alhamisi na Ijumaa. Ndiyo maana wiki ya Mswahili ina siku mbili za "tano" zilizopangana: Jumatano kwa hesabu yetu na Alhamisi kwa hesabu ya Waarabu. Anayetafuta maana ya Khamis kwa kuhesabu vidole kwa Kiswahili atajikuta yuko Jumatano na atadhani amekosea.

Siku yenyewe ina cheo. Mtume alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, na imepokewa kwamba katika siku hizo mbili amali za waja hupandishwa. Usiku wake, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa, ndio usiku wa Yasini, dhikri na dua za marehemu katika nyumba nyingi za visiwani. Mtoto akiwasili siku hiyo wazee wanaona amekuja na kheri, na hawana haja ya kwenda mbali kumtafutia jina.

Lakini Alhamisi ya nani? Hapa ndipo watu wengi wanapobishana bila ya kujua wanabishania nini. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo wazee wetu waliishi nayo, siku inaanza jua linapotua. Magharibi ya Jumatano ikiadhiniwa, Alhamisi imeshaingia. Kwa hivyo msichana aliyezaliwa Jumatano saa tatu za usiku ni Mwanakhamis halali, ingawa karatasi ya hospitali itaandika Jumatano. Na aliyezaliwa Alhamisi baada ya Magharibi si Mwanakhamis tena, ni Mwanajuma, kwa sababu amezaliwa usiku wa Ijumaa. Mtu akija baadaye na kalenda ya simu, akairudisha nyuma mpaka tarehe ya kuzaliwa bibi yake na kukuta Jumatano, atasema bibi alipewa jina kimakosa. Hakuna kosa. Kalenda ya simu inabadilisha siku saa sita za usiku, na mkunga aliyempokea bibi aliibadilisha kwa adhana.

Iko sababu nyengine ya siku na jina kutolingana, nayo ni ya kawaida zaidi. Majina kwetu yanarithishwa. Mtoto anapewa jina la bibi yake mzaa baba au mzaa mama, akawa somo yake, hata kama amezaliwa Jumanne mchana. Kutokea hapo jina linaacha kuwa habari ya siku na linakuwa habari ya ukoo. Katika nyumba kama hizo mama mzazi mara nyingi huona haya kumgombeza mtoto kwa jina la mkwewe, akamtafutia jina la pembeni la kumwitia. Kwa hivyo ukikutana na Mwanakhamis leo, huwezi kuapa kwamba alizaliwa Alhamisi. Unachoweza kusema ni kwamba katika mlolongo wa waliolibeba jina hili kabla yake yuko mmoja, labda wa enzi za mitepe, vyombo vya kale vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba, aliyezaliwa siku hiyo.

Sasa kipande cha pili, "mwana", ambacho ndicho chenye mambo.

Kila Mswahili anajua mwana ni mtoto. Neno ni la Kibantu asilia na limeenea mno: Waganda wanasema omwana, Wanyarwanda umwana, Washona na Wakikuyu mwana. Sisi tunalitumia kila siku tunaposema "mwanangu". Kwa hivyo mtu akisikia Mwanakhamis, sikio linakimbilia kwenye mtoto: mtoto wa Khamis, au mtoto wa Alhamisi. Ni jambo la kueleweka. Lakini jaribu kuipeleka maana hiyo kwenye majina mengine ya ukoo huo huo uone inavyokwama.

Chukua Mwanaisha. Ni Mwana na Aisha. Kama mwana hapa ni mtoto, basi kila Mwanaisha awe na mzazi aitwaye Aisha, na sote tunajua sivyo. Chukua Mwanahawa, kadhalika. Chukua Mwanaharusi, jina zuri lililojaa Unguja: harusi haizai mtoto. Tena neno hilo hilo, mwanaharusi, ndilo walilotumia wazee kumwita yule tunayemwita leo bi harusi, na mwenziwe ni bwana harusi. Bwana kwa mume, Mwana kwa mke. Hiyo ndiyo jozi ya zamani, na ndiyo ufunguo wa jina letu.

Mwana ilikuwa anwani ya heshima ya mwanamke, kama tunavyosema Bi au Bibi sasa. Ushahidi haufichiki. Katika karne ya 17 Unguja ilitawaliwa na malkia anayejulikana kwa jina la Mwana Mwema, aliyeungana na Waomani dhidi ya Wareno katika miaka ya 1650 na akafukuzwa kisiwani kwa ajili hiyo. Hakuna aliyemwita malkia wake "mtoto mwema". Wenyeji wa Mombasa katika masimulizi yao wanamtaja Mwana Mkisi kuwa ndiye aliyeshika mji kabla ya Shehe Mvita. Na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mashuhuri wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Tazama vizuri hapo: mama ni Mwana, binti ni Mwana. Kama neno lingekuwa na maana ya mtoto katika majina hayo, mama angekuwa mtoto kama binti yake.

Kwa upande wa wanaume mambo yalikwenda sambamba, na huu ndio ushahidi ninaoupenda zaidi kwa sababu uko midomoni mwetu bado. Wanaume walikuwa na anwani mbili, Bwana na Mwinyi. Watawala wa kienyeji wa Unguja, wale wa Dunga ambao wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, waliitwa Mwinyi Mkuu. Kwa wanawake tuna jina Mwanamkuu. Saadani, pwani inayotazamana na Unguja, alikuwako Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwa wanawake tuna Mwanakheri. Yuko Mwinyimvua, na yuko Mwanamvua. Yuko Mwinyijuma, aliyefupishwa akawa Mwinjuma, na yuko Mwanajuma, aliyefupishwa akawa Mwajuma. Majina haya yanakwenda mawili mawili, la kiume na la kike, na hakuna anayedai kwamba Mwinyijuma ni mtoto wa Ijumaa. Sote tunasikia heshima iliyomo. Kwa nini basi tusiisikie kwenye Mwanajuma?

Hivyo Mwanakhamis ni Bibi Khamis. Khamis ndilo jina, na Mwana ni heshima iliyotangulizwa mbele yake, kisha vikashikana kwa kutajwa sana mpaka vikawa kitu kimoja.

Mtu ataniuliza: kwa nini basi wavulana wakaachwa na Khamis tupu, Juma tupu, Idi tupu, na wasichana wakawekewa Mwana? Naona sababu ziko mbili na zimesaidiana. Ya kwanza ni ya lugha. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwa umbo la neno, kwa hivyo ukisema Khamis peke yake hujasema kama ni mvulana au msichana. Kiarabu kinaweza kuongeza kiambishi cha kike mwishoni, Jamil akawa Jamila. Sisi tulichonacho ni anwani ya mbele, na Mwana ikafanya kazi hiyo. Ya pili ni adabu. Kumtaja mwanamke mtu mzima kwa jina tupu, mbele ya watu, halikuwa jambo la kupendeza katika pwani yetu, na hata leo si la kupendeza. Mwanamme unaweza kumwita Khamis akiwa dukani ukageuka. Mkewe utamwita Bi fulani, au mama fulani. Heshima iliyomshika mwanamke kila anapotajwa ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kugandana na jina lake.

Vipi neno la mtoto likapanda kuwa la bibi mkubwa? Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali. Tunasema "mwana wa watu" kwa mtu mwenye kwao, mwenye nasaba. Tunasema mwanachuoni kwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, wala hatumaanishi mtoto wa chuo. Kuwa mwana wa nyumba fulani ni kuwa na mahali pa kutokea, na katika miji ya zamani ya pwani hilo ndilo lililomtenga muungwana na asiyekuwa muungwana. Maoni yangu ni kwamba Mwana ya heshima imetokea kwenye njia hiyo: kwanza ni binti wa nyumba yenye jina, kisha ni bibi wa nyumba yenyewe.

Na hapo inabidi niseme jambo ambalo si tamu. Anwani ya heshima ina maana kwa sababu wapo walionyimwa. Unguja ya karne ya 19 ilijaa watu waliotiwa utumwani, na wengi wao walipewa majina na waliowamiliki. Mwimbaji wetu mkubwa wa taarab alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na jina alilopewa ni Mtumwa. Alipohamia mjini na sauti yake ikavuma ndipo akaitwa Siti, neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya "bibi wangu", na kwa jina hilo la Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri zake. Alivuka kutoka jina la kudharauliwa kwenda jina ambalo lenyewe ni heshima. Baada ya amri ya kuuondoa utumwa ya mwaka 1897 na miaka iliyoifuata, kuchagua jina lako na jina la mwanao ilikuwa sehemu ya uhuru. Nikimwona mwanamke wa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, au wa shamba, ambaye bibi zake hawakuruhusiwa kuitwa Mwana mbele ya bwana yeyote, na leo amebeba Mwanakhamis kwenye kitambulisho, sioni ushamba hapo. Naona haki iliyochelewa kufika.

Heshima ikizoeleka hufifia. Mwana ilipogandana na jina, watu wakaacha kuisikia, na wakahitaji anwani mpya ya kuweka mbele. Ikaja Bibi, neno lenye asili ya Kiajemi lililosafiri Bahari ya Hindi nzima, na ufupisho wake Bi. Ndiyo maana leo tunasema "Bi Mwanakhamis" bila ya kuona ajabu, na kumbe tumemwamkia mama yule mara mbili: Bi, kisha Mwana, kisha Khamis. Na Bi yenyewe imeshaanza kufuata njia ile ile. Pemba na Unguja wapo akina Bimkubwa na Bikombo, majina kamili yanayoandikwa kwa neno moja kwenye daftari la skuli. Weka Bikombo kando ya Mwanakombo, na Bimkubwa kando ya Mwanamkuu, utaona jambo moja limetendeka mara mbili, mara ya kwanza kwa Mwana na mara ya pili kwa Bi.

Si kila jina lenye Mwana linafunguka kwa urahisi kama haya. Mwantumu, kwa mfano, watu wengi hawajui kwamba ni Mwana Tumu, na kwamba tumu ni jina la zamani la mwezi wa Ramadhani, mwezi wa tumu. Mwanaidi iko wazi, ni ya sikukuu. Lakini Mosi, Pili na Tatu, majina ya kike yasiyo na Mwana, yanaweza kuwa ya siku au ya mpangilio wa kuzaliwa, na njia pekee ya kujua ni kuuliza nyumbani kwao. Na Mwaka, jina la wanawake wa Makunduchi na kwengineko kusini, linahusu Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji, na hesabu ya jua, kalenda nyengine kabisa na hii ya Alhamisi tunayoizungumza.

Wako pia wanaoliacha jina kwa hoja ya dini, wakisema si jina la Kiislamu kwa kuwa halimo katika majina ya masahaba. Hoja hii nimeisikia mara nyingi na naona inawaonea wazee wetu. Kinachotakiwa katika jina ni maana njema. Mtume alibadilisha majina yaliyokuwa na maana mbaya. Alimpa jina la Jamila msichana aliyekuwa akiitwa kwa neno lenye maana ya muasi. (Neno hilo halihusiani na Asia, mke wa Firauni, ambaye jina lake kwa Kiarabu linaandikwa kwa herufi nyengine, kwa hivyo akina Asia wa Zanzibar watulie.) Jina linalomtaja mwanamke kwa heshima na kuitaja siku ambayo watu hufunga sunna lina ubaya gani? Wazee waliolichagua walikuwa watu wa chuo cha Kurani, waliomuadhinia mtoto sikioni na kumchinjia akika yake siku ya saba.

Imebaki kh. Mtu wa bara ataandika Mwanahamisi, na mtu wa visiwani ataandika Mwanakhamis. Wote wawili ni sahihi, na tofauti ina historia. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kilichukuliwa sarufi na msamiati wake, lakini sauti zake nyingi za Kiarabu hazikuandikwa. Khabari ikawa habari, kheri ikawa heri, na Khamis ikawa Hamisi, na irabu ikaongezwa mwishoni ili neno lisifunge kwa konsonanti. Wazanzibari walizikubali tahajia hizo vitabuni, lakini majina yao hawakuyagusa, na koo zao zinaendelea kuitamka kh kama walivyofundishwa chuoni.

Tofauti hiyo ndogo inaleta taabu kubwa kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanakhamis, cheti cha skuli kinasema Mwanahamisi, kitambulisho kinasema Mwana Khamis kwa maneno mawili, na afisa wa dirishani anaona watu watatu. Hilo la maneno mawili ndilo baya zaidi, kwa sababu mashine inalichukua Mwana kuwa jina la mtoto na Khamis kuwa jina la baba, na lile jibu la "binti wa Khamis" nililolikataa hapo juu linapata muhuri wa serikali. Mzazi anayekwenda kumsajili binti yake aandike neno moja, na ahakikishe kwamba tahajia aliyoichagua ndiyo inayoandikwa siku ya kuanza skuli, siku ya kitambulisho na siku ya pasi. Ambaye karatasi zake zimeshatofautiana afanye hati ya kiapo mapema, kabla ya siku ya safari au ya kudai mirathi, na ataje ndani yake kila tahajia iliyowahi kuandikwa.